Kifafa cha Mpemba

Sauti ya Barnaba ilikuwa mali ya mtaa mzima. Mtu akifa katika kata ya Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia, kabla jeneza halijanunuliwa, kabla hata turubai halijafungwa, mjumbe alikuwa ameshatumwa kwa mzee Barnaba kumwomba aje kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma taratibu, kwa sauti tulivu iliyowafikia hata waliosimama nje ya uzio, na hakuwahi kumkosea mtu jina la babu yake. Jumamosi hiyo alikuwa anamsomea Lusubilo, mtoto wa Enesi, kijana aliyekuwa akipakia mahindi kwenye malori yanayovuka kwenda Zambia.

"Marehemu alipatwa na kifafa cha ghafla," Barnaba akasoma, "na juhudi za kuokoa maisha yake hazikufanikiwa."

Watu wakatikisa vichwa. Mpiga video akasogea karibu ili amchukue vizuri usoni, maana ndugu wa Nakonde walioshindwa kuvuka mpaka wangetumiwa msiba wote kwenye simu. Ukisikiliza misiba ya Mpemba ya siku hizi unaweza kudhani kifafa kinaambukiza kama mafua, tena kinachagua vijana wenye mabega mapana tu. Lakini kila aliyekuwa pale alijua. Vilikuwa ni vidonge. Vilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa waliotoka kupasuliwa, vikaingia mjini maboksi kwa maboksi, vikauzwa kama karanga, na wapakiaji wakavipa jina la vidonge vya mgongo. Ukimeza kimoja, gunia linakuwa jepesi. Ukimeza vingi, husikii tena gunia, wala njaa, wala ukiitwa. Wengine walianguka wakitupa mikono na miguu, na hapo ndipo lilipopatikana neno kifafa. Lilikuwa neno la huruma. Mzazi alizika bila kunyooshewa kidole, na Barnaba aliamini kwamba anafanya kazi ya Mungu.

Elina, mkewe Barnaba, alikuwa ameketi mkekani na akina mama, lakini hakuwa anatazama jeneza. Alikuwa anamtazama mwanawe Osward, mpakiaji mwenza wa marehemu, aliyesimama na wachimbaji upande wa pili wa kaburi, koleo mkononi. Kidevu kilikuwa kimemwangukia kifuani. Osward alikuwa amelala. Amelala wima, mchana kweupe, kwenye ukingo wa shimo, na kila pumzi yake ilichelewa kuja hadi mama yake naye akajikuta ameacha kupumua akiisubiri. Elina akanyanyuka, akapita mbele za watu bila hata samahani, akaenda kumshika mwanawe mkono kana kwamba ni yeye aliyehitaji pa kuegemea.

"Nimechoka tu, mama," Osward akasema. Alikuwa anatabasamu, na mboni za macho yake zilikuwa zimesinyaa, ndogo kama tundu la sindano.

Jumatatu alikuja diwani. Elina alikuwa kwenye cherehani yake sebuleni, akishona mapazia ya malori, kazi iliyomlisha tangu foleni ya mpakani ilipoanza kufika Mpemba. Diwani Fausta aliingia na mwanasheria wa halmashauri, kijana aitwaye Tumpale, ambaye alichukua muda kutafuta sehemu ya kukaa isiyo na vipande vya nyuzi.

"Mzee Barnaba, mambo yenyewe ni haya," Fausta akasema. "Ile kampuni iliyoleta vidonge imeshtakiwa na miji mingi, huku na ng'ambo. Imeona maji yamefika shingoni, sasa inataka kumaliza nje ya mahakama. Mji utakaoingia kwenye maridhiano utajengewa kituo cha tiba, na wauguzi wake na dawa zake, hapa hapa. Mtoto hatapelekwa tena Mbeya. Ijumaa ndiyo mwisho. Baraza linakaa Alhamisi kuamua tuingie au tusiingie."

"Basi ingieni," Barnaba akasema. "Nani amewazuia?"

"Wewe, mzee," Tumpale akajibu.

Akatoa simu. Sauti ya Barnaba ikajaa sebuleni, tulivu na nzuri, ikisema kifafa. Kijana akasogeza kidole, ukaja msiba mwingine, na mwingine tena, na kote ilikuwa ni sauti ile ile na neno lile lile.

"Kampuni imezikusanya," Tumpale akasema. "Wanadai hapa kwetu dawa zao hazijaua mtu. Mji wenyewe umetamka mbele ya makaburi kwamba vijana wake wanakufa kwa kifafa. Sharti lao ni moja, tulete familia ya marehemu, hata moja tu, isimame kwa jina lake iseme kweli. Tumezunguka kata zote. Hatujaipata."

"Na madiwani wenzangu wanaogopa," Fausta akaongeza. "Wafanyabiashara wanasema tutaitwa mji wa madawa, mizigo itatafuta njia nyingine. Nikienda pale Alhamisi mikono mitupu, hoja inakufa. Familia hizi zinakusikiliza wewe, mzee wangu."

"Watu wamenipa aibu yao nikaifunika," Barnaba akasema. "Leo nikaifukue? Na mkishataja vidonge, difenda la polisi litaanzia wapi? Kwa kampuni, au kwa hawa watoto?"

Wakati huo huo Osward akatokea chumbani, akijikuna shingo.

"Shikamoo, mheshimiwa," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Osward akafika mlangoni, akasimama, akageuka kama mtu aliyesahau kitu. "Shikamoo, mheshimiwa," akasema tena, kwa heshima ile ile.

"Marahaba," Fausta akajibu, akatazama sakafu. Kijana akatoka. Wageni nao wakaaga muda si mrefu, na chai waliyomiminiwa ikabaki mezani.

"Baba Osward," Elina akasema, "hicho kituo ni cha mwanao."

"Mwanangu haumwi."

"Amemwamkia mara mbili."

"Ana mawazo," Barnaba akasema, akaenda kukaa nje.

Kesho yake Elina alikwenda kwa Enesi. Mafiga ya jiko la msiba yalikuwa bado uani pamoja na majivu yake. Enesi alikuwa anachambua maharage, na alipoelewa mgeni amefuata nini, mikono ikaacha kazi.

"Mama Osward, mimi na wewe tumezaa wodi moja," akasema. "Ndiyo maana sikufukuzi."

"Ni neno moja tu la kusema, Enesi."

"Neno moja! Mwezi ujao wanakuja kumposa Ruti, wanatoka Nakonde, watu wa dini kabisa. Niwaambie nini? Kwamba kaka yake alikufa kwa vidonge? Watageuza gari palepale mpakani." Akafuta pua kwa ncha ya kanga. "Tena mimi sikusema kifafa. Mumeo alikuja hapa na kalamu yake, akaniuliza tuandike nini. Nikasema sijui. Nilikuwa sijui hata kama ni mchana au usiku. Yeye ndiye aliyesema, mama, tuandike kifafa. Nikamshukuru. Mpaka leo namshukuru."

Elina alimwona Enesi akiinua macho, na macho yale hayakuwa na machozi tena.

"Halafu unakuja kuniomba wangu," Enesi akasema kwa sauti ya chini. "Wako si yupo? Anapita barabarani anayumba, mtaa mzima unamwona. Mseme wako. Simama huko mbele ya watu useme, mimi Elina, mwanangu anakula vidonge. Unaweza?"

Elina akataka kusema anaweza. Lakini akaliona difenda likisimama mlangoni kwake. Akamwona kiongozi wa genge la wapakiaji akimwambia Osward asikanyage tena yadi ya malori. Akamwona Barnaba akivuliwa uzee wa kanisa mbele ya waumini wote.

"Umeona?" Enesi akasema, akarudia maharage yake.

Jumatano mchana Elina alikuwa anamalizia pazia la dereva mmoja Mkongo mwenye haraka zake, akasikia kishindo uani. Hakikuwa kikubwa, kama mtu ametua gunia la pumba. Aliendelea kushona kidogo, kisha mguu ukasita wenyewe kwenye cherehani, maana baada ya kile kishindo hakukufuata kitu.

Osward alikuwa amelala chali kando ya karo. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Alikuwa anakoroma, mkoromo mmoja mrefu wenye maji ndani yake, kisha kimya. Kimya kirefu mno. Kisha mkoromo mwingine. Elina alimwita, akampiga makofi, akammwagia ndoo nzima ya maji, na kijana hakupepesa hata ukope.

"Baba Osward! Baba Osward, njoo! Mtoto anakufa!"

Walimpakia kwenye bajaji ya jirani. Elina alimpakata kichwa, na njia nzima akawa anamwambia vuta, vuta baba, vuta, kama mwanamke anayezaa anavyoambiwa sukuma. Barnaba alikuwa ameishika miguu ya mwanawe, naye mguuni ana kiatu kimoja. Hakuwahi kuogopa vile maishani mwake.

Mabenchi ya zahanati yalikuwa yamejaa. Mke wa mchungaji alikuwepo na mjukuu wake mwenye homa, na akasimama kuwapisha njia. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Ferista.

"Ana tatizo gani huyu?"

"Kifafa," Barnaba akasema.

Lilimtoka bila kulifikiria. Lilimtoka kwa ile sauti yake tulivu ambayo mtu hawezi kuitilia shaka, na watu wa mabenchi wakaguna kwa huruma.

"Anacho siku zote?"

"Ndiyo, sista. Kinamjia ghafla."

Ferista hakupoteza muda. Akavunja kichupa, akavuta dawa kwenye bomba la sindano. "Nampa ya kutuliza degedege," akasema. "Baba, mshikilie mkono usicheze."

Barnaba akaushika mkono wa mwanawe, akaunyoosha vizuri, akampa muuguzi.

Elina hakujua lolote la uuguzi. Alichojua ni kwamba mtoto aliyekuwa mbele yake ametulia kupita kiasi. "Itamfanya nini hiyo?" akauliza.

"Itamlaza, mama. Apumzike."

"Alale tena?"

Akamtazama Barnaba. Barnaba alikuwa amefumba macho, midomo ikienda kwa sala. Akamtazama mke wa mchungaji, naye alikuwa anamtazama yeye. Sindano ilikuwa imeshagusa ngozi.

"Si kifafa!" Elina akapiga kelele. "Amemeza vidonge! Vidonge vya mgongo, anavimeza kila siku! Hana kifafa mwanangu, hajawahi kuwa na kifafa!"

Ferista akaondoa sindano, akamfunua Osward jicho, akaitazama mboni, kisha akaitupa ile sindano kwenye beseni na kuita kwa nguvu aletewe mfuko wa kupumulia. Akambana kijana kifuniko chake puani na mdomoni, akaanza kuminya. Kifua cha Osward kikapanda.

"Ningemchoma hii," akamwambia Barnaba bila kumwangalia, "ungekuja kumchukua akiwa ndani ya sanduku."

Dawa ya kumzindua haikuwepo pale. Ilikuwepo Mbeya. Waliminya mfuko kwa zamu, muuguzi, mama na baba, mpaka mikono ikafa ganzi, na watu wakawa wanachungulia mlangoni na kwenda kusimulia. Jua lilikuwa linaelekea kuzama Osward alipofungua macho. Akauliza kama lori limeshajaa.

Barnaba akatoka nje, akakaa chini ukutani na kile kiatu chake kimoja. Elina alipomfuata alimkuta analia kama mtoto.

"Nilimshika mkono," Barnaba akasema. "Mama Osward, nilimnyoosha mkono vizuri ili wamchome."

Alhamisi Elina alikwenda mjini peke yake. Barnaba alibaki nyumbani kumlinda Osward, kwa maagizo makali kwamba asimwondolee jicho hata kidogo. Ukumbi wa baraza ulikuwa umejaa. Wafanyabiashara walikaa mbele na mashati yao ya kupigwa pasi, na watu wa Mpemba nyuma, wamejipanga ukutani. Habari ya zahanati ilikuwa imewatangulia wote. Elina alivyokuwa anapita, mazungumzo yalikatika moja baada ya jingine.

Fausta akamwombea ruhusa ya kusema. Elina akasimama.

"Naitwa Elina, natoka Mpemba," akasema. "Mwanangu Osward anakula vidonge. Jana amekufa mikononi mwangu, akarudi. Sijui kama kesho atarudi tena. Naomba mji uingie, tujengewe hicho kituo. Nimemaliza."

Kulikuwa na minong'ono. Mbele, mtu alicheka kidogo kisha akajifanya anakohoa. Mwenyekiti akamgeukia mwanasheria, na Tumpale akasimama. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetamani angekuwa kwingine.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, tunamshukuru sana mama. Ila sharti linasema familia ya marehemu. Kijana wake..." Akamtazama Elina. "Kijana wake yuko hai. Hahesabiki."

Elina hakuelewa mara moja. Alikuwa amejivua nguo mbele ya mji mzima, na sasa anaambiwa alichokileta hakitoshi. Akabaki amesimama, akishikilia kiti kilichokuwa mbele yake.

Diwani mmoja mzee aitwaye Gasper, mtu mpole asiyewahi kumkaripia mtu, akaona amfariji. "Usikate tamaa, mama," akasema. "Mpaka kesho jioni bado muda upo. Hali ikibadilika, tujulishe mapema."

Akasikia mwenyewe alichokisema. Akaweka mkono mdomoni. Elina akaona wazi kwamba mji mzima ulikuwa umekaa pale ukimsubiri mwanawe afe ili uweze kumtibu.

"Wangu ameshakufa."

Ilikuwa ni sauti ya Enesi. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, bado na kanga ya msiba kichwani. Hakuna aliyejua alikuja kufanya nini, na pengine hata yeye hakujua.

"Mwandikeni huyo," akasema. "Naitwa Enesi, mama Lusubilo, tumezika Jumamosi. Hakuwa na kifafa. Vidonge nilivikuta mfukoni mwake, nikavitupa chooni kabla majirani hawajafika. Mwandikeni wangu, na huyu wa Elina mwacheni aishi."

Diwani mmoja aliyekaa karibu na wafanyabiashara akainua mkono. "Tunampa pole mama. Lakini video ya huo msiba kampuni inayo, na inasema kifafa. Watauliza wamwamini nani, huyu mama au msomaji?"

"Wamwamini mama," sauti ikajibu kutoka mlangoni. "Msomaji ni mimi. Nilisoma uongo. Neno lile nililitunga mimi, na si kwa Lusubilo peke yake. Niko tayari kulisema tena mbele ya kamera."

Watu wote wakageuka. Barnaba alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, jasho likimtiririka. Kilio kilitoka upande wa ukuta, kikafuatiwa na kingine, na mama mmoja wa mtaa wa pili akaanza kujisogeza mbele akisema naye aandikwe. Mwenyekiti akagonga meza, akaita kura, na mikono ikaanza kuinuka, kwanza wa Fausta, kisha wa mzee Gasper, kisha mingi. Mji ulikuwa umeingia. Furaha ilimjaa Elina. Akamtazama mumewe, mumewe akamtazama, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakukuwa na uongo kati yao.

"Elina," Enesi akamwita kutoka kule nyuma. "Nani yuko na Osward?"

Furaha ikamkatika. Akaliona jibu usoni kwa Barnaba, likija taratibu.

"Amelala," Barnaba akasema. "Nilimwacha amelala. Nilisema nije mara moja tu."

Elina hakusubiri amalize. Alipita katikati ya watu akiwasukuma, akavua viatu kwenye ngazi, akadandia bajaji ya kwanza iliyokuwa inageuza. Njia ya Mpemba ilikuwa imezibwa na malori kama kawaida. Tumpale alikuwa amesema ujenzi utaanza mwakani, baada ya mvua. Elina aliwaza jambo hilo bajaji ikipita kwenye vumbi kando ya lami, akaona mwakani ni mbali kama mwisho wa dunia.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kitanda, na buti za kazi hazikuwepo.

Alikimbia peku mpaka yadi. Malori yalikuwa yamesimama safu kwa safu, na vijana walikuwa wanapanda na kushuka mbao na magunia mabegani, nyuso nyeupe kwa vumbi la mahindi, wote wamefanana. Aliwapita akiwatazama mmoja mmoja. Kisha akaacha kutafuta kimya kimya. Akasimama katikati ya yadi, akaweka mikono mdomoni.

"Osward!" akapiga kelele. "Mwanangu Osward anakula vidonge! Aliyenavyo asimpe! Jamani, msimpe, atakufa! Mimi ndiye mama yake!"

Kazi ikasimama. Madereva wakatoa vichwa madirishani. Kiongozi wa genge akaanza kuja upande wake amekunja uso, lakini Elina hakumjali, akavuta pumzi aite tena. Juu ya lori la mwisho, kijana mmoja aliyekuwa ameinama chini ya gunia akageuka polepole kumtazama mama yake.